Sogea tukae, mahari nusu, na mhadhara uliotaka kumponza mama chapati

Huyu mama nitamwita mama chapati maana ndo kazi yake, jina lake halituhusu. Kisa ni cha mwaka 2024, kata moja pembezoni mwa Dar, na mimi nilikuwemo mwanzo mpaka mwisho kama msaidizi wa kisheria wa kujitolea, kwahiyo lawama nyingine humu ndani ni zangu, nitasema zipi tukifika.

Ilikuwa msimu wa Siku ya Familia. Umoja wa Mataifa waliipitisha 1993, ikaanza kuadhimishwa 1994, kila tarehe 15 Mei, na huku kwetu mara nyingi inaishia kwenye risala na fulana. Mwaka huo kamati yetu ikasema safari hii tufanye mihadhara ya wazi, mitatu, Jumamosi tatu mfululizo, mada sera za jamii na ustawi wa familia, anakuja mwalimu wa chuo kutufundisha bure. Wazo zuri wala sina neno nalo. Ila picha linaanza pale tulipotangaza saa tatu asubuhi, watu wakafika saa tatu na nusu, mgeni rasmi akafika saa tano na robo, na huwezi kuanza bila mgeni rasmi, mnajua wenyewe. Sa fikiria mama ana mtoto mgongoni, ameacha biashara, amekaa kwenye kiti cha plastiki masaa mawili anasikiliza spika inapiga kwaya.

Ukumbini walijaa kina mama, wazee wachache, na vijana wawili watatu waliosikia kuna nauli (hakukuwa na nauli, kulikuwa na soda). Wanaume wenyewe tuliokuwa tunawataka walikuwa nje, kijiwe cha bodaboda chini ya mwarobaini, hatua kumi na tano hivi kutoka dirishani. Wanasikia kila kitu lakini hawaingii. Hilo la wanaume kuwa dirishani nililiona siku ileile nikalipuuza, baadae ndo nikaja kuelewa uzito wake.

Mhadhiri akaanza. Mtu mwema, anajua kazi yake, tatizo slaidi. Nusu Kiingereza nusu Kiswahili, maandishi madogo, jua linapiga ukutani hakuna anayeona kitu. Tangu 2021 sheria yenyewe inasema Kiswahili ndo lugha ya sheria na ya mahakama, lakini slaidi zetu bado hazijapata taarifa. Akapita sera ya mtoto, akapita ile programu ya malezi na makuzi iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, akapita likizo ya uzazi: mama siku 84, akijifungua mapacha 100, baba siku 3 zenye malipo alimradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Hapo dirishani ikaingia sauti, "Mwalimu samahani, hizo siku tatu mimi ananipa nani, tajiri wa pikipiki? Maana hesabu yake haijui kama mke wangu kajifungua."

Ukumbi ulicheka mpaka spika ikapiga kelele. Mhadhiri akacheka pia akasema swali zuri tutalirudia, na hatukulirudia.

Ukweli ni kwamba hakuwa na jibu na mimi sina. Ile sheria ya ajira ya 2004 inamzungumzia mwajiriwa. Bodaboda anayepeleka hesabu kila jioni kwa mwenye chombo, mama anayechoma chapati, fundi wa kuokota kazi, hao wote ukiwasomea siku 84 na siku 3 unawasomea menyu ya hoteli ambayo hawaruhusiwi kuingia. Na hao ndo walikuwa wamejaa pale!

Basi ikafika maswali. Wa kwanza kauliza malipo ya kaya masikini yanatoka lini, kama kawaida, hilo halikosekani kwenye mkutano wowote. Wa pili akasimama huyu mama chapati. Khanga kiunoni, unga bado mkononi maana alitoka kibandani moja kwa moja. Akasema hivi, nanukuu kwa kumbukumbu:

"Shikamooni wazee. Mwalimu, mimi nimekaa na mwenzangu mwaka wa saba huu, tuna watoto wawili. Alileta barua kwetu, mahari akatoa nusu, nusu hakumalizia. Kiwanja tumenunua, tumejenga vyumba viwili. Sasa yeye ni dereva wa malori, kapata mji mwingine Tunduma, hela ya watoto anatuma akijisikia. Nikisema naambiwa wewe si mke. Naomba kujua, mimi naitwa nani?"

Kimya. Mzee mmoja mbele akajibu kabla hajaulizwa, "Mahari haijaisha binti, huyo si mumeo, mlisogeleana tu." Mama mwingine nyuma akamkata, "Wee mzee, miezi sita tu ukikaa na mtu ni ndoa!" Na pale wakaanza kubishana ukumbi mzima, miezi sita, mwaka, mpaka mahari iishe, mpaka sheikh, mpaka padri. Nilichoka. Hii habari ya miezi sita sijui ilitoka wapi, imezunguka nchi nzima, ukimuuliza mtu kaisoma wapi anakwambia inajulikana.

Mhadhiri akachukua maiki akajibu, na robo tatu ya jibu lake ilikuwa sahihi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanaume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali ambayo watu wanaowazunguka wanawajua kama mume na mke, basi kutakuwa na dhana kwamba wameoana. Miaka miwili, sio miezi sita. Kuhusu mahari, kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza mengine yote haibatiliki kwa sababu ya mahari kutokamilika. Yule mzee wa mbele akaguna.

Halafu mhadhiri akaongeza robo ya mwisho. Akasema, kwa sauti ya ushindi, "Kwahiyo mama wewe ni mke halali, na hata kama hukuchangia senti, kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango, nenda kadai nusu yako ya nyumba!" Vigelegele. Mgeni rasmi akapiga makofi.

Mimi nilikuwa nimekaa meza ya pembeni na daftari la mahudhurio, nikajua kabisa hapo kuna kitu kimerukwa, nikakaa kimya. Kwanini? Mgeni rasmi yupo, mwalimu wa chuo yupo, mimi nina cheti cha mafunzo ya usaidizi wa kisheria na sare ya kitenge. Nikasema nitamfata mama pembeni tukimaliza. Tukimaliza ikawa picha ya pamoja, soda, na mama keshaondoka kuwahi chapati za mchana. Hilo ndo la kwangu.

Kilichorukwa ni hiki. Kwanza ile ni DHANA. Sheria inadhani mmeoana mpaka mwenzio athibitishe vinginevyo, na anaruhusiwa kupinga. Akileta ushahidi kwamba mlikuwa hamjulikani kama mke na mume, au kuna kikwazo kingine cha ndoa, dhana inaanguka. Sasa uzuri wa kifungu hichohicho ni kwamba hata dhana ikianguka, mwanamke akionyesha kwamba kweli waliishi kinyumba ile miaka miwili bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama ina mamlaka ya kutoa nafuu nyingine kama zile zinazotolewa ndoa inapovunjwa. Kifungu kimeandikwa kwa akili sana, kina mlango wa mbele na wa nyuma, ila mhadhara ulimuonyesha mama mlango wa mbele tu tena ukiwa umeandikwa NUSU kwa rangi nyekundu.

Pili hiyo nusu. Kifungu cha 114 kinasema mahakama inapogawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja itaangalia mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto, na baada ya kupima hayo ndo ielekee kwenye usawa. Inaelekea, haianzi hapo. Wapo wanaotoka na nusu, wapo wanaotoka na pungufu.

Na hii kesi ya Bi Hawa jamani. Kila semina utaisikia, kila mhadhara, na inasimuliwa nusu. Ni kweli Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilisema kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango kwenye mali ya familia, na hiyo ilikuwa hatua kubwa mno, mpaka leo wanawake wanasimama juu yake. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu! Mahakama iliona kwamba mumewe alishampa fedha za mradi wa familia na yeye akazitapanya, kwahiyo fungu lake keshalila. Kanuni ikashinda, mwenye kesi akatoka mikono mitupu. Hiyo sehemu ya pili haina vigelegele ndo maana haisemwi, lakini ndo inayomwambia mama wa kawaida kwamba pale mahakamani wataangalia na mwenendo wake yeye.

Turudi kwa mama chapati. Jumatatu yake kaenda kwa shemeji zake, kaka za yule dereva, akawaambia mbele za watu mimi ni mke halali na nyumba nusu yangu, kasema mwalimu wa chuo. Jumatano jioni akakuta chumba kimoja kimepigwa kofuli jipya, ndani yake kuna meza ya biashara, jiko kubwa na magunia mawili ya unga. Dereva akapiga simu toka Tunduma, si umesema unataka sheria, haya tukutane kwa sheria, na ile hela ya kujisikia nayo ikakata. Yani mhadhara wa ustawi wa familia ulichukua familia iliyokuwa inachechemea ukaivunja mguu. Nasema hivyo nikijua mhadhiri alikuwa na nia njema, na nikijua vilevile kwamba bila ule mhadhara huyu mama asingejua kama ana pa kuanzia, angeendelea kuambiwa si mke mpaka watoto wamalize shule.

Alhamisi akaja kwangu. "Dada mwanasheria," akanianza (sio mwanasheria, nimewaambia mara mia), "mlinipa bunduki haina risasi."

Nikamwambia nenda kaniletee kila karatasi uliyonayo, hata ya duka. Akarudi na mfuko wa unga wa ngano uliokunjwa mara nne, ndani kuna kadi mbili za kliniki, vyeti viwili vya kuzaliwa vyenye jina la baba, risiti za mabati, na karatasi moja ya kompyuta iliyochakaa kwenye mikunjo: hati ya mauziano ya kiwanja, 2019, imegongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mnunuzi ni mwanaume peke yake. Mama akawa ameshakata tamaa na hiyo karatasi maana jina lake halipo kwenye mnunuzi. Nikaisoma mpaka chini. Mashahidi upande wa mnunuzi, namba mbili, jina la mama chapati kwa kalamu ya bluu, sahihi imepinda, na pembeni yake mtu, bila shaka mwenyekiti wa wakati ule, kaandika neno moja kwenye mabano: mke.

Nilicheka peke yangu. Yule mwanaume alikuwepo, kasaini juu ya karatasi hiyohiyo. Mwaka 2019 hakuna aliyesema si mke.

Haimpi nusu ya kiwanja, hilo nilimwambia palepale nikarudia mara tatu. Ila kile kinachotakiwa na kifungu cha 160, kwamba watu wanawajua kama mke na mume, kinathibitishwa na vitu vya namna hii, pamoja na daftari la wakazi la mtaa, majirani, kadi za kliniki, waliokuja kwenye msiba wa baba yake mama chapati wakamuona mkwe amekaa na wanaume wa ukweni. Tukaandika majina ya mashahidi sita.

Halafu tukatenganisha mambo, na hapa ndo naona mihadhara mingi inakosea hata kama sheria imetajwa sawa. Mama alikuja na swali moja lakini ndani yake kulikuwa na mashauri mawili yanayopita njia tofauti. Matunzo ya watoto hayasubiri mtu ajulikane ni mke au sio mke. Sheria ya Mtoto ya 2009 haimuulizi mtoto wazazi wake walifunga ndoa wapi, mzazi anaweza kuomba, ndugu anaweza, ofisa ustawi wa jamii anaweza, na linakwenda Mahakama ya Watoto, sio Mahakama ya Mwanzo. Inaangaliwa kipato cha wazazi WOTE wawili, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi na haki zake. Kwa wale wadogo wasiojua, kabla ya hapo mtoto wa nje ya ndoa alikuwa na sheria yake ya zamani iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja. Hela ambayo leo huwezi hata kununulia chapati moja ya huyu mama. Shauri la pili ndo la ndoa na nyumba, hilo linaanzia baraza la usuluhishi, likishindikana wanakupa Fomu Namba 3, ile ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, na kwenye kesi ya talaka usipokuwa nayo kwa kawaida unarudishwa. Kwa mama chapati tuliamua apite barazani kwanza asije akapoteza nauli kurudishwa mlangoni.

Tukaanza na la watoto kwa makusudi. Ofisa ustawi akamwandikia baba wito, mara ya kwanza hakuja, yuko safari. Wa pili tukaupeleka kwa mkono kwa kaka yake mkubwa, ile kwa heshima, shikamoo kaka, hatujaja kugombana, tumekuja kuhusu watoto wenu. Nilikwenda na yule mzee aliyeguna ukumbini, ndio huyohuyo, maana ni mtu anayesikilizwa mtaani na ukimwacha nje anakubomolea. Njiani akaniambia, "Mie nilisema mahari haijaisha, sikusema watoto wafe njaa." Kaka mkubwa alitusikiliza, akaita mtoto alete ufunguo, kofuli likafunguliwa siku hiyohiyo bila barua wala polisi.

Baba alikuja wiki mbili baadae, kanyoa, kimya. Ofisini ofisa hakumgusia ndoa kabisa. Akamwambia andika mwenyewe watoto wako wanakula nini kwa siku. Akaandika. Unga, mchele, mboga, mafuta, daftari, sabuni, akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena. Ilitoka kubwa kuliko alichokuwa anatuma mwezi mzima, na hakuna aliyemwambia, kaiandika mwenyewe. Wakakubaliana laki moja na ishirini kila mwezi kwa simu, ifike kabla ya tarehe 5, ada na sare za shule pembeni, wakasaini na mashahidi. Kidogo? Labda. Mama alisema kinachomsaidia zaidi ni kujua tarehe.

Sasa mihadhara. Wa pili ulikuwa umeshapangwa, ukaenda vilevile na slaidi zilezile. Kabla ya wa tatu nilimfata mhadhiri, nikamsimulia kofuli na magunia ya unga. Nilitegemea akasirike. Alikaa muda akasema, "Nusu. Nilisema nusu kweli eeh." Kisha akauliza sisi tungefanyaje.

Tukahamisha mhadhara. Hakuna ukumbi, hakuna mgeni rasmi (kwa hili la mgeni rasmi nilipata simu mbili za kulaumiwa, zimepita), viti tukavibeba tukavipanga chini ya mwarobaini kijiweni, saa kumi jioni, muda ambao abiria bado wachache. Maswali tuliyakusanya kuanzia Jumatano kwenye vikaratasi, kibandani kwa mama chapati kulikuwa na kopo. Tulipata vikaratasi arobaini na kitu, zaidi ya nusu vinahusu mambo mawili tu, matunzo na nyumba. Sera za taifa hakuna aliyeziulizia kwa jina, walichouliza ni tumbo la sera. Mhadhiri akapewa sheria moja ngumu: kila ukitaja haki, taja hapohapo ushahidi gani unatakiwa, ofisi gani unaanzia, na kitu gani usifanye kwanza. Kwa Bi Hawa akasimulia mpaka mwisho, hakukuwa na vigelegele, kulikuwa na maswali nusu saa.

Na wanaume waliuliza kuliko wanawake, mimi sikutegemea. Mmoja kauliza kama mke ndo kaondoka yeye baba anaweza kudai matunzo kwa mama, na jibu ni kwamba wajibu ni wa wazazi wote. Mwingine kakaa na mtu miaka mitatu, kajenga kwao mwanamke, anaogopa. Yule wa siku tatu naye alikuwepo, amekalia pikipiki yake, akarudia swali lake neno kwa neno. Safari hii mhadhiri hakusema tutalirudia. Akasema, "Kwa sheria ilivyo leo, hakupi mtu." Bodaboda wakatazamana. Mmoja wao, mwenyekiti wa kijiwe, akasema basi sisi tujipe, mwenzetu akipata mtoto tumchangie hesabu ya siku tatu. Wakaanza kubishana ni kwa kila mke au mke mmoja tu, giza likaingia.

Shauri la nyumba la mama chapati lilikwama barazani, wakapewa fomu, likaenda mahakamani. Mara ya mwisho nilipoongea nae lilikuwa bado linatajwa. Baba anapinga kiwanja, hapingi watoto. Ile hati ya mauziano tulitoa nakala tatu, moja ninayo mimi, ila karatasi yenyewe bado anaiweka kwenye ule mfuko wa unga, anasema kwenye bahasha ya kaki itaibiwa.